Saa ya Kuwasha Taa

Maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini huuza taa maalumu kwa watu ambao giza la majira ya baridi huwaletea sonona. Ni sanduku lenye balbu nyuma ya plastiki nyeupe. Linawekwa mezani, na mtu hukaa mbele yake nusu saa akinywa chai au akisoma gazeti. Ukisoma maelezo ya muuzaji utadhani kilichovumbuliwa ni hiyo taa. Lakini taa za tyubu zilienea katika ofisi na viwanda tangu miaka ya 1940, na hakuna aliyezihesabu kuwa dawa. Hoja yangu ni kwamba uvumbuzi wenyewe ulikuwa wa saa: kutambua kwamba mwanga uleule, au kidonge kilekile, unaweza kumponya mtu, kumwacha alivyo au kumzidishia shida, kutegemea anaupata wakati gani wa siku. Kwa karne nyingi waganga wamepima dawa kwa uzito na ujazo. Kuipima kwa saa lilikuwa wazo gumu zaidi, na ugumu huo ndio unaoeleza kwa nini historia ya tiba hizi imejaa watu waliokuwa na kifaa mkononi bila kujua wanakishika upande gani.

Mwanzo wa wazo hilo ni mmea. Mwaka 1729 mwanaastronomia Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alikifungia kifauongo gizani, akaona majani yake yanaendelea kufunguka asubuhi na kujikunja usiku ijapokuwa jua haliyafikii. Taarifa hiyo fupi ilifikishwa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, na maana yake ilikuwa nzito: kiumbe hai kinabeba saa yake ndani. Hata hivyo wanasayansi walikawia sana kukubali kwamba binadamu naye ni hivyo. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwanafunzi wake Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28. Richardson alizoea. Kleitman hakuzoea, mwili wake ulishikilia saa 24. Mpaka hapo lililojulikana ni kwamba saa ipo. Nini kinachoirekebisha kila siku, halikujulikana.

Swali hilo lilijibiwa vibaya kwa muda mrefu, na kosa lenyewe linafundisha kuliko majibu mengi sahihi. Kuanzia miaka ya 1960, huko Andechs karibu na Munich, Jürgen Aschoff na Rütger Wever waliwaweka mamia ya watu wa kujitolea katika vyumba vya chini ya ardhi, wiki kwa wiki, bila saa, redio wala jua. Waliona siku ya binadamu aliyetengwa hivyo inarefuka hadi karibu saa 25, wakahitimisha kwamba mwanga una nguvu ndogo juu ya mtu, na kwamba kinachotuweka kwenye mstari ni kuishi na wenzetu: sauti, milo, kazi, ratiba. Hitimisho hilo likaingia vitabuni. Lakini watu wale waliruhusiwa kuwasha na kuzima taa zao wapendavyo. Kila mmoja, alipojisikia bado yu macho, aliiacha taa ikiwaka, na mwanga huo wa usiku uliichelewesha saa ya mwili wake kidogo kila siku. Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walipopima upya, wakitumia mwanga hafifu uliodhibitiwa, walipata wastani wa saa 24 na dakika 11. Hiyo ilikuwa mwaka 1999. Taa ilikuwa chumbani muda wote, ikifanya kazi mbele ya macho ya watafiti hodari kabisa wa zama zao, nao hawakuihesabu kwa sababu hawakuuliza inawaka saa ngapi.

Mlango ulifunguliwa na Alfred Lewy, daktari kijana katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, Bethesda. Melatonini, homoni inayotolewa usiku na tezi ya pineali ndani ya ubongo, ilikuwa imetengwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Yale. Lerner alikuwa daktari wa ngozi aliyekuwa akitafuta tiba ya mabaka meupe, wala hakuwa na habari na usingizi. Katika panya ilishajulikana kwamba mwanga huizima homoni hiyo. Kwa watu majaribio yalishindikana, na wengi wakaona ni ushahidi mwingine kwamba binadamu amejitenga na jua. Mwaka 1980 Lewy alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwaamsha watu usiku wa manane na kuwaangazia. Mwanga wa luksi 500, ambao ni ofisi iliyowaka vizuri, haukufanya kitu cha maana. Mwanga wa luksi 2,500 uliiteremsha melatonini hadi karibu na kiwango cha mchana. Kumbe majaribio ya awali yalikuwa yamefanywa kwa mwanga hafifu mno. Macho yetu huzoea upesi kiasi kwamba hatuhisi tofauti kati ya chumba na uwanja, ilhali chini ya kivuli cha mti mchana mwanga unaweza kufika luksi 10,000, na juani penyewe mara kumi ya hapo.

Mtu aliyeyageuza matokeo hayo kuwa tiba alikuwa mgonjwa. Herbert Kern, mhandisi wa Marekani, alikuwa ameandika kwa miaka mingi kumbukumbu za kupanda na kushuka kwa hisia zake, na madaftari yake yalionyesha kwamba kushuka kulianza siku zilipofupika na kupanda kulirudi siku zilipoanza kurefuka. Aliwaendea watafiti wa Bethesda akiwa na nadharia yake tayari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1980 walimkalisha mbele ya mwanga mkali kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, na kwa siku chache tu alianza kuinuka. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1982. Ratiba hiyo ilibuniwa kwa kuiga wanyama, ambao huzaa na kubadili manyoya kwa kufuata urefu wa mchana: watafiti walitaka kuudanganya mwili wa Kern kwamba majira ya kuchipua yamefika. Baadaye ilidhihirika kwamba maelezo hayo hayakuwa sahihi, kwani wagonjwa wengi hupona kwa mwanga wa asubuhi peke yake. Kern alipata saa iliyofaa ndani ya ratiba iliyopangwa kwa sababu isiyofaa. Naona ni haki kumtaja kama mmoja wa wavumbuzi, si kama mfano wa mgonjwa tu, maana bila daftari lake hakuna ambaye angejua pa kuanzia.

Kundi hilohilo lilikuwa na Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg aliyehamia Marekani mwaka 1976 na kuonja mwenyewe uzito wa Desemba ya kaskazini. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake waliwaeleza wagonjwa 29 wenye sonona inayorudi kila majira ya baridi, pamoja na usingizi mwingi na hamu ya vyakula vya wanga, wakaipa hali hiyo jina. Miaka mitatu baadaye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliitambua. Hapo ndipo pingamizi la kwanza lilipokuja, nalo lilikuwa la haki. Kidonge cha dawa unaweza kukilinganisha na kidonge kitupu, yaani plasebo, mgonjwa asijue. Taa huwezi kuificha. Mtu anayekaa mbele ya mwanga mweupe mkali anajua anatibiwa, na matumaini peke yake huinua hisia. Kwa miaka 14 lawama hiyo ilibaki bila jibu la kuridhisha, na wenye shaka walikuwa sahihi kutosadiki.

Jibu lilikuja Oktoba 1998, katika toleo moja la jarida la Archives of General Psychiatry lililobeba tafiti tatu: ya Charmane Eastman wa Chicago, ya Michael Terman wa New York na ya Lewy, ambaye alishahamia Oregon. Mbinu ya Eastman ilikuwa ya werevu. Aliwapa baadhi ya wagonjwa mashine ya kutoa ioni hewani, wakaambiwa ni tiba, lakini mashine ilikuwa imezimwa ndani. Matumaini ya kundi hilo yalilingana na ya waliopewa taa, kama vipimo vya kabla ya kuanza vilivyoonyesha. Baada ya wiki tatu taa iliishinda mashine kwa kiwango ambacho matumaini hayawezi kukieleza. Zikisomwa pamoja, tafiti hizo tatu zinaupa mwanga wa asubuhi ushindi. Taa moja, nguvu moja, dakika zilezile, ila saa tofauti: hilo ni jambo ambalo plasebo haiwezi kulifanya kwa urahisi, kwa kuwa mgonjwa wa kawaida hana sababu ya kuitumainia asubuhi kuliko jioni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu lilitoka ndani ya nyumba. Mwaka 1986 Thomas Wehr, aliyekuwa mwenza wa Rosenthal na Lewy, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wa majira ya baridi walipata nafuu hata walipoangaziwa saa nyingine, bila kugusa melatonini. Kama ni hivyo, saa ina kazi gani? Ni lazima kukiri kwamba Wehr alikuwa na sehemu ya ukweli. Mwanga mkali humchangamsha mtu moja kwa moja, na kwa baadhi ya wagonjwa huenda hilo linatosha. Lakini ushahidi uliofuata ulionyesha kwa nini matokeo yalichanganyika. Mwanga unaofika jicho mwanzoni mwa usiku wa mwili huichelewesha saa ya ndani. Unaofika mwishoni mwa usiku huitanguliza. Katikati ya mchana athari yake ni ndogo. Mwaka 1986 Czeisler alimwangazia jioni mama mmoja wa miaka 66, ambaye saa yake ilikuwa imetangulia mno, na ikarudi nyuma kwa karibu saa sita. Mwaka 2006 Lewy alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa majira ya baridi saa zao zimechelewa, lakini wachache zimetangulia. Wa kwanza wanahitaji asubuhi, wa pili jioni. Ukiwachanganya katika kundi moja na kuchukua wastani, ni rahisi kuona kama kwamba saa haijalishi. Wastani ulificha watu wa aina mbili waliohitaji tiba zinazopingana.

Wakati huohuo njia ya mwanga ndani ya mwili ilikuwa ikifuatiliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1972 makundi mawili ya Marekani, kila moja kivyake, yalikitambua kiini kidogo katika hipothalamasi, juu tu ya makutano ya mishipa ya macho, kuwa ndiyo saa kuu. Jeni za saa hiyo ziligunduliwa katika nzi wa matunda, na kazi hiyo ikawapa Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Lakini ugunduzi uliowagusa wagonjwa zaidi ulikuwa wa seli za retina zenye melanopsini, uliokamilika mwaka 2002: seli zisizotusaidia kuona sura ya kitu, bali hupima mwanga, hasa wa buluu, na kuupeleka kwenye saa. Ndiyo sababu baadhi ya vipofu, ambao Czeisler aliwachunguza mwaka 1995, melatonini yao ilizimwa na mwanga wasiouona. Kulikuwa pia na njia iliyopotea. Mwaka 1998 ilidaiwa katika Science kwamba mwanga unaomulika nyuma ya magoti huirekebisha saa. Mwaka 2002 jarida hilohilo lilichapisha jaribio makini lililoshindwa kabisa kuona athari hiyo.

Melatonini yenyewe, ilipofanywa kidonge, inathibitisha hoja ya saa kwa namna ya kusikitisha. Kipofu asiyepokea mwanga kabisa huishi na saa inayoteleza: wiki hii analala usiku, wiki chache baadaye mwili unadai kulala mchana, kisha mzunguko unarudi. Mwaka 2000 Robert Sack, Lewy na wenzao waliwapa vipofu saba wa aina hiyo melatonini kabla ya kulala, na saa za sita kati yao zikashikamana na siku ya saa 24. Kwa watu hao kidonge kilifanya kazi ya machweo. Lakini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, melatonini huuzwa dukani kama vitamini, na mnunuzi huimeza kama dawa ya usingizi. Richard Wurtman wa MIT alionyesha mapema kwamba miligramu 0.3 hutosha kwa watu wengi. Rafu za maduka zikajaa vidonge vya miligramu 3, 5 na 10. Uchunguzi wa Kanada wa mwaka 2017 ulikuta bidhaa zenye pungufu ya asilimia 83 ya kiasi kilichoandikwa, na nyingine zenye ziada ya asilimia 478. Kwenye chupa panatajwa miligramu kwa herufi kubwa. Saa ya kumeza, ambayo ndiyo tiba, imeachiwa maneno mawili matatu kuhusu wakati wa kulala, wakati kwa mtu ambaye saa yake ya mwili imechelewa kidonge hicho hufaa zaidi saa kadhaa kabla ya hapo.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote hauna kifaa ndani yake. Huko Milan, katika hospitali ya San Raffaele, Francesco Benedetti na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa sonona waliolazwa. Vyumba vya wodi vilikuwa vya aina mbili: madirisha ya mashariki, yanayopata jua la asubuhi, na ya magharibi, yanayopata jua la alasiri. Wagonjwa walipelekwa chumba kilichokuwa wazi. Wale wa bipola, yaani wanaopanda na kushuka kati ya sonona na msisimko mkali, waliolala upande wa mashariki walitoka hospitalini mapema kwa wastani wa siku 3.67. Hospitali moja, jua moja, madaktari walewale, isipokuwa saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na hayakuhitaji taa hata moja. Milan ndiko pia walikokamilisha mbinu iliyoanzia Ujerumani, ambako madaktari waliona katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba wagonjwa wa sonona wakikesha usiku mmoja, zaidi ya nusu yao hisia zao huinuka kesho yake, kisha wengi huanguka tena wakilala. Benedetti aliuzuia mwanguko huo kwa kuunganisha kukesha na mwanga wa alfajiri na dawa ya lithiamu.

Giza nalo lina dozi yake. Mwaka 1998 Wehr alieleza jinsi alivyomtuliza mgonjwa wa bipola aliyekuwa akibadilika haraka, kwa kumpumzisha gizani saa nyingi kila usiku. Kumfungia mtu chumba cha giza ni tiba ngumu, hivyo watafiti wa Norway waliichukua njia nyepesi: miwani ya rangi ya machungwa inayozuia mwanga wa buluu, ikivaliwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi. Mwaka 2016 walichapisha jaribio la siku saba kwa wagonjwa 23 wenye msisimko mkali. Walioivaa walitulia kwa kiasi kikubwa kuliko waliopewa miwani ya kioo cheupe. Ni jaribio dogo, na siwezi kulifanya liseme zaidi ya linavyosema. Lakini linganisha na taa ya asubuhi, ambayo kwa mgonjwa huyohuyo wa bipola inaweza kuchochea msisimko ikitumiwa bila daktari, na utaona kwa nini tiba hii haistahili kuuzwa kama kitulizo kisicho na hatari.

Wapo wanaouliza: kama ushahidi ni huu, mbona imekawia? Sehemu ya jibu ni fedha. Jua halina hataza, kukesha hakuna kiwanda, na dirisha la mashariki halina wakala anayetembelea kliniki na sampuli. Mwaka 2016 kundi la Raymond Lam wa Vancouver lililinganisha mwanga na fluoksetini, dawa ya sonona, kwa wagonjwa 122 wa sonona isiyofuata majira; mwanga, peke yake au pamoja na dawa, uliishinda plasebo, na dawa peke yake katika jaribio hilo haikuishinda waziwazi. Kidonge chenye matokeo kama hayo kingetangazwa kila kona. Lakini fedha si jibu lote. Kuandika cheti cha miligramu 20 ni rahisi kuliko kumuuliza mgonjwa anaamka saa ngapi, dirisha lake linaelekea wapi, na usiku anakaa mbele ya mwanga gani.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema haya ni mambo ya Oslo, ambako Desemba mchana haufiki saa sita, si ya Dar es Salaam, ambako tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Kuhusu sonona ya majira ya baridi ni kweli, isipokuwa kwa ndugu zetu walioko Minneapolis au Stockholm. Kuhusu saa ya mwili si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao uliwahusisha Wahadza wa Tanzania, uliwakuta wakilala saa kadhaa baada ya machweo na kuamka kabla ya jua kuchomoza, huku mwanga mwingi zaidi wakiupata asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku Nairobi au mlinzi wa ghala Mombasa hana asubuhi hiyo: anarudi nyumbani jua likimpiga machoni saa ambayo mwili wake ungehitaji giza, na analala akiwa amelipokea jua hilo kama amri ya kuamka.

Na ugonjwa wa kuvuruga usingizi uliotesa eneo hili kuliko wowote ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlipuko wake uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa huko Buganda na Busoga. Mwaka 1903 Aldo Castellani, akifanya kazi Entebbe, aliripoti kuviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wagonjwa hao hulala kupita kiasi. Vipimo vya Alain Buguet na wenzake vilionyesha kwamba jumla ya usingizi wao kwa saa 24 haizidi sana ya mtu mzima wa afya. Kilichovunjika ni mpangilio wake, ukatawanyika mchana na usiku. Mwaka 2018 Filipa Rijo-Ferreira na wenzake walionyesha kwa panya kwamba vimelea vya malale hufupisha mzunguko wa saa ya mwili yenyewe, na kwamba athari hiyo huonekana hata katika seli zilizokuzwa maabara. Buguet alikuwa ameshaona kwamba mgonjwa akitibiwa, mpangilio wa usingizi hurejea, na akapendekeza kipimo cha usingizi kitumike kuamua kama ubongo umepona.